Mshipa Unajificha

Jumanne ya wazee, zahanati ya Kigwe.
Upepo wa Julai umetutia vumbi mpaka kwenye meno,
nasi matumbo matupu, mgongo ukutani, kadi mkononi,
tumepangwa kwenye benchi,
na mimi nacheka peke yangu.
Malogo ananiuliza, unacheka nini?
Namwambia: josho.

Miaka ishirini nilikuwa mshika pembe.
Bwana mifugo akija na pikipiki yake na kisanduku cha barafu,
mimi ndiye niliyeingia katikati ya ng'ombe,
nikapinda shingo, nikasema, haya, choma.
Mamia. Labda maelfu.
Sikumtazama hata mmoja machoni.

"Ndahani Chilewa!"
Naam. Naingia.

Binti wa maabara ananiambia Mbukwenyi kwa lafudhi ya Moshi,
namsamehe kwa sababu amejaribu.
Ananifunga mpira juu ya kiwiko.
Kunja ngumi, babu. Nakunja.
Anagonga ngozi kwa vidole viwili
kama mgeni asiye na hakika na nyumba.
Hakuna anayeitika.
Mkono wa pili. Nao kimya.
"Mshipa unajificha," anasema, na anaona haya,
kana kwamba ni yeye aliyeuficha.

Usihuzunike, mwanangu.
Wewe umekulia kwenye mito inayopiga kelele mwaka mzima.
Huku kwetu mto ni mchanga.
Mpita njia anaona nyayo za mbuzi tu,
lakini mama yangu alijua pa kupiga magoti.
Alichimba kwa kata, mkono ukazama hadi begani,
akasubiri.
Maji ya kwanza machafu, unamwaga.
Ya pili unampa mtoto.
Chimba basi. Taratibu. Yamo.

"Kama sisimizi tu, babu."
Nimeumwa na sisimizi, nimeumwa na siafu, nge mara mbili.
Huyu si sisimizi.
Lakini natazama. Nilijiapia kwamba leo nitatazama.
Damu inapanda bombani, nyeusi kuliko nilivyodhani,
inajaza kichupa chenye kifuniko cha zambarau,
rangi ya zabibu za jirani yangu anayenidai.

Begani bado lipo kovu la ndui,
duara, kama mtu alizimia sigara pale.
Siku ile walituchanja shule nzima,
isipokuwa mdogo wangu Masinjila:
aliruka dirisha, akalala ndani ya kilindo cha mtama mpaka jioni.
Ndui haikumpata. Alitucheka miaka hamsini.
Siku hizi chanjo yoyote ikitangazwa
yeye ndiye wa kwanza kwenye foleni, amevaa koti.

Nje kuna kelele.
Bibi Sechelela amerudishwa nyumbani kwa kunywa uji.
"Uji si chakula," anabisha, "uji ni maji yaliyochoka!"

Majibu yametoka saa sita,
kikaratasi chembamba kama risiti ya sukari,
na ni sukari kweli.
Imepanda. Unakula nini, babu?
Nikataja ugali wa uwele. Nikataja mlenda.
Asali sikuitaja.

Jambo moja sikumwambia Malogo tukirudi.
Sindano ilipotoka, yule binti aliweka pamba,
akaibonyeza kwa dole gumba, hakuondoa,
mkono wangu juu ya goti lake,
macho yake ukutani kwenye saa.
Tangu tumzike mama Lechipya, mwaka wa nne huu,
watu wanaupokea mkono wangu, wanausalimu, wanaurudisha.
Hakuna aliyekaa nao.

Usiku mjukuu ananiambia,
babu, pamba hiyo imekauka, leta niitoe.
Kesho, nasema.
Anasema, hata jana ulisema kesho.